Kesho Isiyojulikana: Namna ya Kumkaribia Kijana Kabla Itikadi Kali Haijampa Jibu

Mwezi unapojaa, mialo ya dagaa, yaani sehemu za ufukweni ambako mitumbwi hutia nanga, katika Ziwa Victoria, kuanzia Igombe hadi visiwa vya Ukerewe, hutulia kwa siku kadhaa, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi ikishakuwa kali taa hizo hazivuti kitu. Mitumbwi hupandishwa nchi kavu, nyavu zilizochanika hushonwa, na vijana ambao wiki iliyotangulia walikuwa na fedha mfukoni huanza kula kwa mkopo wa mama ntilie. Nimekuwa katibu wa mwalo kwa miaka mingi, na mtu akiniuliza ni wakati gani maneno makali hupata masikio kambini, nitamjibu bila kufikiri sana kwamba ni siku hizo za mwezi.

Wengi wetu hulieleza jambo hili kwa maneno mawili, njaa na uvivu. Njaa siikatai. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, katika utafiti wake wa mwaka 2023 uliowahoji watu karibu 2,200 katika nchi 8 za Afrika, lilikuta kwamba robo ya waliojiunga kwa hiari na makundi ya itikadi kali walitaja ajira kuwa sababu kuu, huku waliotaja dini wakiwa asilimia 17. Lakini wako wavuvi maelfu wenye njaa ileile ambao hawajamdhuru mtu, na wako watu walioshiba waliobeba mapanga. Kinachosahaulika ni ile hali ambayo magazeti yetu huiita sintofahamu: mtu hajui kesho itakuwaje, na baya zaidi, hajui tena yeye mwenyewe ni nani katika kesho hiyo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumkaribia mtu wa aina hiyo, na nimeuandika kwa ajili ya mzazi, kaka, mwalimu, kiongozi wa dini na tajiri mwenye mitumbwi, kwa maana hao ndio wanaomwona kabla polisi hawajamwona.

Sitataja dini wala chama. Msimamo mkali una sura nyingi, na kanda hii ya ziwa imeziona zaidi ya moja.

Anza kwa kutambua ni mashaka ya aina gani

Michael Hogg, mwanasaikolojia wa jamii aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika chuo kikuu cha Claremont huko California, amejenga hoja ambayo naiona ina faida kubwa kwa mtu yeyote anayeishi na vijana. Anasema kwamba mashaka yanayomsukuma mtu kwenye kundi ni yale yanayogusa nafsi yake: mimi ni nani, nafasi yangu iko wapi, watu kama mimi hufanya nini. Mtu mwenye mashaka hayo hatafuti kundi lolote tu. Hutafuta lile lililojifunga kama ngumi, lenye mipaka inayoonekana, sauti moja, kiongozi asiyeulizwa maswali, na adui anayejulikana kwa jina. Kundi la namna hiyo humkabidhi mwanachama maisha yaliyokwisha kupangwa, yaani namna ya kusalimia, cha kuvaa, cha kula, wa kumpenda na wa kumchukia, na kwa siku chache za mwanzo mtu hujihisi amepumzika. Katika utafiti ambao Hogg na wenzake waliuchapisha mwaka 2010, uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo nchini Australia, waliofanywa wayahisi mashaka juu ya nafsi zao walijinasibisha zaidi na kundi lenye misimamo mikali kuliko wenzao waliokuwa na uhakika.

Mwanasaikolojia mwingine, Arie Kruglanski, ameeleza upande wa pili wa jambo hilo, ambao ni uchovu wa akili iliyokaa muda mrefu bila jibu. Akili iliyochoka hulidaka jibu la kwanza linalopita, kisha hulifungia mlango ili jingine lisiingie. Ndiyo maana aliyefika mapema na jibu baya humshinda aliyechelewa na jibu zuri, na ndiyo maana naandika juu ya kukaribia kabla.

Kwa hiyo, kabla ya kusema neno lolote, tenganisha mambo mawili. Kijana anayelalamika kwamba hajui atakula nini wiki hii ana mashaka juu ya kitu, na kitu kikipatikana mashaka huisha. Kijana aliyehitimu chuo, akarudi kijijini kubeba ndoo za dagaa, na sasa hataki kuonana na waliosoma naye, ana mashaka juu ya nafsi, na ukimpa fedha utakuwa umemlipia deni la chakula tu. Vivyo hivyo kwa aliyeachwa na mke, aliyefiwa na baba akaingia katika ugomvi wa urithi, au aliyekamatwa na zana haramu na nyavu zake zikachomwa moto mbele ya wenzake. Tukio dogo kwako linaweza kuwa ndilo lililomwondolea jina lake.

Ushahidi uliopo hapa kwetu

Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, aliyeishi katika visiwa vya Trobriand huko Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliona kwamba wavuvi wa maji tulivu ya karibu na pwani, ambako samaki hupatikana bila shaka, hawakutumia uganga, ilhali wale wa bahari kuu, wasiojua kama watarudi, walikuwa na matambiko mengi ya kujikinga na kuvuta samaki. Mvuvi yeyote wa sangara atakwambia kwamba hakuhitaji kusafiri hadi Pasifiki kuliona hilo. Katika mialo yetu na katika machimbo ya dhahabu ya Geita, kazi hutegemea bahati, na bahati huzaa wauza uhakika. Tangu katikati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino wa Mwanza, Shinyanga na Geita waliuawa na kukatwa viungo kwa sababu wapiga ramli waliwaahidi wateja utajiri usiokuwa na labda ndani yake.

Mauaji ya vikongwe yana mzizi huohuo. Mwanauchumi Edward Miguel, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu Meatu, wilaya ambayo sasa iko mkoani Simiyu, alionyesha kwamba katika miaka ya ukame au mafuriko mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yalikuwa maradufu ya miaka ya mvua za kawaida. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walikuwa ndugu. Yeye alieleza kwamba chanzo ni kuporomoka kwa kipato, na sina ugomvi naye, lakini ningeongeza kwamba mvua isiyotabirika humpokonya mkulima zaidi ya mahindi, kwa sababu humpokonya pia uhakika kwamba bidii yake ina maana. Anayekuja wakati huo na kusema kwamba chanzo ni bibi fulani mwenye macho mekundu, ambayo aghalabu ni kazi ya moshi wa jikoni wa miaka mingi, huleta jibu fupi kuliko la mtaalamu wa hali ya hewa.

Mwaka 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja mnyama uliishia kwa mchungaji wa kanisa kuuawa, kati ya watu waliokuwa wamekula pamoja kwenye misiba na harusi kwa vizazi vingi. Nalitaja kwa sababu ya jambo moja: walichogombania kilikuwa kitoweo, lakini hofu iliyokuwa nyuma yake ilikuwa ni kwamba upande wetu unamezwa.

Dalili zilizo za kweli

Achana na ndevu, kanzu, msalaba mkubwa au fulana ya chama. Ukizifuata hizo utawatukana watu wengi wema, na kila unayemtukana unamsogeza karibu na anayemwambia kwamba jamii haimtaki. Sikiliza maneno yake. Kijana anayevutwa huanza kupoteza maneno matatu: labda, sijui, na inategemea. Watu wote hugawanyika kuwa sisi na wao, na idadi ya wale wa sisi hupungua kila mwezi, mpaka wanatolewa hata wazazi. Husimulia historia ndefu ya dhuluma, ambayo sehemu yake huwa ni kweli, kisha huruka kutoka hapo hadi hukumu moja kwa hatua moja.

Dalili nyingine, ambayo sijaiona ikitajwa katika semina nilizohudhuria, ni kufa kwa utani. Mtu wa huku ana watani wengi: babu na bibi zake, mashemeji, watani wa kikabila wanaomzomea hata msibani. Utani ni ruhusa ya kuchekwa bila kudharauliwa, na mwenye mashaka makubwa juu ya nafsi yake hawezi kuitoa ruhusa hiyo. Kijana ambaye jana alitaniwa na shemeji yake akacheka, na leo anaondoka kwa hasira, amebadilika mahali pa ndani sana. Dalili hii haitoshi peke yake, maana hata mwenye madeni hununa, lakini ikiungana na zile za maneno, usisubiri.

Kosa nililolifanya mimi

Mpwa wangu alipoteza injini ya mtumbwi katika dhoruba, akashindwa kulipa deni, na mchumba wake akaolewa na mwingine, yote katika muda wa miezi minne. Baada ya hapo alianza kwenda kwenye mikutano ya kundi fulani lililokutana usiku katika nyumba ya kupanga, na kabla ya muda mrefu alikuwa amekata mawasiliano na mama yake kwa kuwa, kwa maneno yake, nyumba ile ilikuwa imechafuka. Mimi, kwa kujiona mwenye busara, nilimleta mtu msomi wa dini yake ili amshinde kwa hoja. Alimshinda kweli, kifungu kwa kifungu, mbele yangu na mbele ya kaka zake wawili.

Mpwa wangu alinyamaza mpaka mwisho, kisha akanigeukia: "Mjomba, mnajibu maswali ambayo sijauliza." Hakukanyaga kwangu kwa muda wa miezi saba.

Niliyoyajifunza ni haya. Hoja ya kidini au ya kisiasa ina mahali pake, lakini huja mwishoni, na huja kwa faragha. Ukimshinda mtu hadharani katika jambo pekee lililobaki kumpa heshima, humwachii pa kurudi isipokuwa kwa wale wanaomheshimu. Tena ulipokuja na uhakika wako dhidi ya uhakika wake ulikubaliana naye, bila kujua, kwamba mwenye uhakika mkubwa zaidi ndiye mshindi, na katika mashindano hayo kundi litakushinda daima, kwa sababu lina uhakika juu ya kila kitu na wewe huna.

Namna ya kuongea naye

Mfuate mkiwa wawili tu, na mikono ikiwa na kazi. Wakati wa kushona nyavu au kuanua dagaa watu huongea bila kutazamana, na mambo mazito hutoka kwa urahisi zaidi kuliko kwenye kiti cha sebuleni. Usianze na kundi. Anza na yeye, na ulizia wakati: hali hii ilianza lini? Katika utafiti wa kwanza wa UNDP, wa mwaka 2017, asilimia 71 ya waliokuwa wamejiunga kwa hiari walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, kikiwemo kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Mara nyingi basi kuna siku mahususi, na mpaka uijue siku hiyo unazungumza na kivuli. (Nyavu haramu ni haramu na ziwa letu linazihitaji zitoweke, lakini afisa anayemtukana mvuvi wakati wa kuzichoma anafanya kazi mbili kwa mpigo, na ya pili hakutumwa.)

Akishaitaja siku hiyo, usiharakishe kumsahihisha. Ikiwa alidhulumiwa, mwambie wazi kwamba alidhulumiwa. Wazee wengi huogopa kukiri dhuluma wakidhani kukiri ni kuunga mkono kisasi, na matokeo yake ni kwamba kundi linabaki kuwa mahali pekee ambapo maumivu yake yanaaminika. Kukiri dhuluma na kukataa hukumu aliyoitoa ni mambo mawili, na kijana mwenye akili huyatenganisha ukimwonyesha kwamba wewe umeyatenganisha.

Kisha sema sijui pale usipojua. Neno hili ni gumu kwa wanaume wa rika langu, ambao tulilelewa tuamini kwamba mzee asiyejua amevuliwa nguo. Hata hivyo, kijana aliyezungukwa na watu wenye majibu yote anahitaji kumwona mtu mmoja mzima, mwenye heshima zake, anayeishi na swali lisilo na jibu na bado anaamka asubuhi kwenda kazini. Kumhubiria uvumilivu hakufanyi kazi hiyo. Muulize pia maswali ambayo kundi halimuulizi: ukitofautiana nao katika jambo moja dogo itakuwaje? Nani alitoka, na anasemwaje? Uliza, kisha nyamaza, uache swali lilale naye.

Mpe uhakika katika vitu vidogo

Huwezi kumwahidi kwamba samaki watakuwepo, wala kwamba ajira zitatoka. Unaweza kuondoa sintofahamu ambayo sisi wenyewe tumeitengeneza. Mfano wa wazi ni mgao wa mapato ya mtumbwi. Kwa kawaida mafuta, chakula na gharama nyingine hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya tajiri na wavuvi. Lakini mvuvi mara nyingi hazioni hesabu hizo, huambiwa tu kwamba safari hii gharama zimekula kila kitu. Tajiri anayetaka amani kambini na aandike gharama kwenye ubao, azisome kwa sauti siku ileile ya kila wiki, na amruhusu kila mmoja kuuliza. Alipe siku aliyoahidi hata kama ni kidogo. Nimeona kambi mbili zenye mapato sawa, moja ikiwa na ubao na nyingine ikiwa na manung'uniko, na sihitaji kusema wahubiri wa usiku walipenda kulala ipi.

Kwa upande wa familia, mambo ni hayohayo kwa sura nyingine: urithi uandikwe mapema, na asiyechaguliwa katika jambo aelezwe sababu. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mpeleke mwenyewe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kwa sababu kijana anayezungushwa ofisini peke yake mara tatu hurudi na ushahidi mpya dhidi ya dunia.

Mtafutie pa kuwa mtu, tena pengi

Hili ndilo jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Mahitaji ya kuwa mtu fulani miongoni mwa watu fulani hayaondolewi kwa mawaidha, na lazima yapate mahali. Kosa la kawaida ni kumtoa kijana katika kundi moja na kumsukumiza katika jingine lililofungwa vilevile, kwa kuwa tu hilo la pili tunalipenda. Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wezi wa mifugo, na walileta usalama ambao watu walikuwa wameukosa, lakini pale walipokosa wa kuwauliza baadhi yao waligeukia kuwahukumu watuhumiwa wa uchawi. Kundi jema nalo huhitaji mlango.

Lengo liwe ni mahali pengi. Kijana aliye mlinda mlango wa timu ya mtaa, mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, na mjomba anayesubiriwa na wapwa zake siku ya sikukuu, akiangushwa upande mmoja husimama kwa pande nyingine. Mpe nafasi yenye jina na wajibu, kwa maana anayekaribishwa bila kazi hujiona mgeni. Na nafasi hiyo iwe miongoni mwa watu mchanganyiko wa dini na makabila, jambo ambalo mialo yetu hulifanya bila kujisifu, kwa sababu Mkerewe, Mjita, Msukuma na Mhaya huvuta kamba moja ya wavu.

Wakati wa kuita wengine

Yote niliyoyasema ni kwa ajili ya mtu anayevutwa. Akianza kugawa au kuuza mali yake bila maelezo, kuaga watu kwa namna isiyo ya kawaida, kuzungumzia safari ya mbali isiyo na anwani, kutafuta silaha au kumtaja mtu mahususi wa kudhuriwa, mazungumzo ya kushona nyavu yamekwisha. Mwone mtendaji wa kata au polisi kata, au piga 112, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 piga 116, ambayo ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 na makosa yake si ya kumalizwa kifamilia. Ukienda, eleza ulichokiona na ulichokisikia, si ulichokihisi, na usimtaje mtu kwa sababu ya ugomvi wa kiwanja. Usimpige wala kumfungia ndani.

Jichunguze na wewe pia, hasa baada ya msiba au hasara. Mimi, katika ile miezi saba, nilijikuta nikisema kwamba vijana wa siku hizi wote wameharibika, na mke wangu akaniuliza ni lini mara ya mwisho niliposema labda.

Mpwa wangu hakurudi kwa sababu ya maneno yangu. Alirudi kwa sababu kikundi cha akina mama wa kuanika dagaa kilikosa mtu wa kuandika daftari la kilo, na mwandiko wake ni mzuri. Bado huenda kwenye mikutano ile, ingawa si kila wiki, na bado kuna mambo ambayo hatuyagusi. Juzi, giza la mwezi lilipoanza na mitumbwi ikawa inashushwa majini, nilimuuliza kama atakuwepo kwenye harusi ya dada yake, kwa mama yake. Alimalizia kujumlisha safu aliyokuwa akiiandika, akafunga daftari, akasema, "Labda, mjomba."